Kubandika tairi za tubula kwenye rimu za kaboni: kwanini kila mtu anakwambia kitu tofauti

Shida ya kujifunza kubandika tubula ni kwamba ushauri upo mwingi na unagongana. Huyu anasema paka gundi mara mbili inatosha, yule anasema bila mara tano usithubutu kupanda hiyo baiskeli, mwingine anakwambia achana na gundi tumia tepu, afu ukitaja tu kwamba rimu yako ni ya kaboni ndo kabisa, kila mtu anakutajia kitu kitakachoiharibu. Na cha ajabu wengi wao wanasema kweli, ila kila mmoja anaongelea hali yake, wa mbio za uwanja wa baiskeli anaongelea uwanja na wa matopeni anaongelea matope, hakuna anayekaa akaeleza hiyo gundi inafanya kazi gani pale chini. Ukishajua hilo utaweza kupima mwenyewe ushauri upi ni wako na upi ni wa mwenzio.

Kwanza tairi yenyewe, kwa wasioijua. Klincha, yaani tairi tulizozoea, ina waya au kamba ngumu pembeni inayojibana kwenye kingo za rimu, tyubu unaweka ndani. Tubula haina hiyo kitu. Kitambaa chake, kinaweza kuwa pamba, poliesta, hata hariri kwa zile za gharama, kinaizunguka tyubu yote afu kinashonwa kwa chini, mshono unafunikwa na utepe, mara nyingi wa pamba, na huo utepe ndo unaokaa kwenye rimu. Rimu nayo haina kingo za kushikia chochote, juu ina kibonde tu kilicholala taratibu. Ndo maana rimu ya tubula inakuwa nyepesi, na kwenye kaboni tofauti inaonekana zaidi, manake rimu ya klincha kingo zake zinasukumwa nje na upepo wa tairi muda wote kwahiyo lazima ziongezwe nyama, na ukipiga breki mteremko mrefu zinapata joto huku zikiendelea kusukumwa. Rimu ya tubula haisukumwi hivo, upepo wote umefungiwa ndani ya tairi iliyoshonwa.

Sasa kinachoishikilia tairi isitoke ni nini? Watu wengi wanajibu gundi, na hapo ndo mkanganyiko unapoanzia, kwa sababu gundi ni nusu tu ya jibu. Nyuzi za kitambaa cha tairi zimelala mshazari, kama digrii 45 hivi, upande huu na upande ule, kwahiyo ukijaza upepo tairi inanenepa na papo hapo inataka kuwa fupi kwa mzunguko wake. Ikiwa iko kwenye rimu haiwezi kuwa fupi, basi inaibana rimu, na kadri unavyoongeza upepo ndivyo inavyozidi kubana. Tubula yenye upepo wa bar 8 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) hata bila gundi kabisa inaweza kukudanganya imekaa vizuri, unaizungusha na kuivuta na haisogei, lakini we subiri kona.

Kwenye kona nguvu inakuja kutoka pembeni na tairi inataka kujiviringisha itoke kwenye kibonde, na inapotaka kutoka haing'oki yote kwa pamoja, inaanza kunyanyuka ukingo wa utepe upande mmoja, afu inaendelea kuchanika kuelekea katikati. Kwahiyo gundi inayokuokoa ni ile ya kwenye ukingo, ile ya katikati hata ikiwa nyingi namna gani haifanyi kazi kubwa mpaka ukingo uwe umeshaachia, na ukingo ukishaachia umeshachelewa. Hiki ndo kitu kimoja ningependa mtu akishike kuliko idadi ya mapako, kwa sababu mtu anaweza kupaka mara sita katikati pale brashi inapopita kirahisi, akaogopa kwenda pembeni asije akachafua rimu, akawa amebandika vibaya kuliko aliyepaka mara mbili mpaka mwisho wa ukingo.

Na kuna sababu nyingine ya ukingo kukosa kushika ambayo haihusiani na gundi kabisa, nayo ni umbo. Kibonde cha rimu kina mviringo wake na tumbo la tairi lina mviringo wake. Tairi nyembamba ukiiweka kwenye kibonde kipana inagusa katikati tu, kingo zinabaki zinaning'inia hewani, na hapo hata ujaze gundi kwenye hiyo nafasi ni bure, gundi nene ni laini na inaachia. Tairi pana kidogo kwenye kibonde chembamba inafanya kinyume chake, inagusa kingo na katikati inabaki uwazi, sio nzuri sana lakini afadhali mara mia. Rimu za zamani zilichongwa kwa tairi za milimita 21 mpaka 23, za kaboni za siku hizi nyingi ni pana na zinataka 25 kwenda juu, kwahiyo mtu anayechukua tairi aliyokuwa nayo stoo akaitia kwenye rimu mpya ya kaboni anaweza kufanya kila hatua sawasawa na bado asipate mshiko. Kabla hujafungua gundi weka tairi kavu, jaza upepo kiasi, chungulia pembeni kote. Kama ukingo wa utepe umelala kwenye rimu bila mwanya uko sawa.

Hiyo ya kuweka tairi kavu kwanza ina faida nyingine, tubula mpya huwa imebana sana na ukijaribu kuivalisha ikiwa na gundi mbichi bila kuinyoosha utapigana nayo mpaka gundi iwe kwenye mikono, kwenye nguo na kwenye kila kitu isipokuwa pale inapotakiwa. Ivalishe bila gundi, jaza upepo mwingi lakini usivuke kiwango kilichoandikwa ubavuni, iache siku nzima au zaidi. Usiinyooshe kwa kuijaza upepo mwingi ikiwa nje ya rimu, haina kitu cha kuibana, itajipinda na utepe unaweza kuanza kubanduka.

Tuje kwenye kaboni. Kitu cha kwanza ni usafi. Rimu ya kaboni inatoka kwenye kalibu, na ili isigandie kalibu inapakwa dawa ya kuachia, aina ya nta au kitu kama hicho, na mabaki yake yakibaki kwenye kibonde gundi haishiki rimu, inashika hiyo nta. Kwahiyo rimu mpya unaisafisha hata kama inang'aa, hasa kama inang'aa. Spiriti safi ya isopropili inafaa karibu kila mahali, asetoni ina nguvu zaidi na watu wengi wanaitumia lakini kwa kitambaa, kidogo, futa na uache ikauke, usiiloweshe na usimwage ikaingia kwenye matundu ya njiti, na usiipitishe kwenye stika na vanishi ya ubavuni kwa sababu itavila. Kuhusu msasa, hapo ndo ugomvi mkubwa, na jibu langu ni kwamba kaboni sio aluminiamu. Aluminiamu ukikwaruza umekwaruza chuma, kaboni ukikwaruza ukapita resini, ile plastiki ngumu inayoshikanisha nyuzi za kaboni, unaanza kukata nyuzi zenyewe ambazo ndo nguvu ya rimu. Watengenezaji wengi wanakiacha kibonde kikiwa na ukavu wa kutosha, kwahiyo kama aliyetengeneza rimu hajasema piga msasa, usipige, na kama amesema basi tumia ule laini kabisa na uondoe mng'ao tu.

Kitu cha pili ni joto, na hapa usishangae watu wakizungumza kama wanaongelea vyombo viwili tofauti, kwa sababu ni kweli ni viwili. Rimu ya aluminiamu inapitisha joto, breki ikisugua ubavuni joto linasambaa rimu nzima haraka, gundi nayo inapata moto na kulainika, mhandisi Jobst Brandt aliandika sana habari hizo za gundi kuyeyuka kwenye miteremko mirefu ya Alpi. Kaboni haipitishi joto hivo, joto linakaa palepale breki inaposugua, ambapo ni milimita chache tu kutoka kwenye ukingo wa utepe, yaani mahali pale pale tulipotoka kusema ndo panaposhikilia kila kitu. Ndo maana kuna gundi zinazotengenezwa mahususi kwa kaboni, Continental kwa mfano wanatoa moja ya aluminiamu na nyingine ya kaboni na hazibadilishani, wakati Mastik'One ya Vittoria inatumika kwa zote mbili. Kama baiskeli yako ina breki za diski basi hii aya nzima inakuhusu kidogo sana, breki iko katikati ya gurudumu na rimu haipati moto wa kusumbua gundi, na nadhani nusu ya hofu ya watu kuhusu kaboni na gundi imebaki kutoka enzi za breki za rimu.

Sio kwamba hofu hiyo ilikuwa ya bure. Tarehe 14 Julai 2003 kwenye Tour de France, Joseba Beloki alikuwa wa pili kwa jumla, anateremka kuelekea mji wa Gap akimkimbiza Alexander Vinokourov, siku ya jua kali lami imeanza kulainika, gurudumu la nyuma likafunga breki, baiskeli ikayumba na tairi ikachomoka kwenye rimu. Alivunjika paja, kiwiko na kifundo cha mkono, na Lance Armstrong aliyekuwa nyuma yake akapitia shambani kumkwepa. Pale mambo mengi yalikutana, lami, breki, kona, joto, lakini tairi inayosukumwa pembeni ghafla kwa nguvu kama ile ndo mtihani wenyewe wa ukingo.

Basi kupaka sasa. Gundi hizi ni mpira ulioyeyushwa kwenye kimiminika kinachopotea hewani, na zinafanya kazi kama gundi ya kiraka cha pancha, ukiharakisha kabla haijakauka umejiharibia. Kinachofanya watu wapake mara nyingi ni kwamba pako moja nene halikauki ndani, juu linaweka ngozi na chini linabaki bichi, unaweza kupanda baada ya siku mbili na bado ndani ni uji. Mapako membamba yanakauka kweli. Kwa rimu mpya ya kaboni mimi naona mawili au matatu, kila moja likae kama saa 12 mpaka 24, na kwa utepe wa tairi mawili au matatu pia, la kwanza kwenye utepe litapotea kabisa manake pamba inakunywa, usishtuke ukakuta kesho yake kama hukupaka kitu. Rimu ambayo ina msingi mzuri wa gundi ya zamani inahitaji mapako machache kuliko hayo, na huyo anayekwambia mara mbili inatosha huenda ndo hali yake, anabadilisha tairi tu kwenye rimu aliyoipaka miaka nenda rudi.

Tumia brashi ndogo ya nywele fupi ngumu, vaa glavu, fungua madirisha yote na usiwe na moto karibu, hii sio tahadhari ya kuandikwa kwenye chupa tu, mvuke wake unawaka. Bandika selotepu ya karatasi ubavuni kwa rimu pande zote ikiishia palepale kwenye ukingo wa kibonde, na kama una breki za rimu hili ni la lazima kwa sababu gundi ikikauka kwenye sehemu ya breki itakuwa inanyakua na kupiga kelele kila ukishika. Na kwa kuwa umeshaziba ubavu, huna sababu ya kuogopa ukingo, peleka gundi mpaka kwenye selotepu. Tundu la valvu lizungushie lakini usilizibe.

Pako la mwisho ni jembamba, kwenye rimu peke yake, unaliacha dakika chache mpaka liwe linanata bila kuvuta nyuzi kwenye kidole, muda kamili uko kwenye maelezo ya gundi yako na usitumie ya gundi ya mwenzio. Afu unaivalisha. Simamisha gurudumu chini kwenye kitu kisafi, valvu juu, tairi iwe na upepo kidogo tu wa kuipa umbo, ingiza valvu iliyonyooka, kisha kwa mikono miwili shika pande zote za valvu na uvute tairi kwenda chini kwa nguvu ukiibandika huku unashuka, kushoto na kulia kwa pamoja, mpaka ukifika chini kabisa ibaki sehemu ndogo, geuza gurudumu uliegemeze kwenye tumbo lako na hiyo sehemu uisukume juu kwa vidole gumba. Ukivuta kwa nguvu tangu mwanzo hiyo ya mwisho inaingia kirahisi, ukiwa mvivu juu utalia chini. Usiisaidie kwa bisibisi wala liva ya chuma, kwenye kaboni ukitegemeza chuma kwenye ukingo wa rimu unaweza kuupasua.

Kuinyoosha unaangalia utepe sio kashata za juu. Jaza upepo kidogo, zungusha gurudumu, utepe unatakiwa uonekane sawa pande zote mbili, ukiona umezidi upande mmoja nyanyua kipande hicho ukisogeze, gundi bado inakuruhusu kwa dakika kadhaa. Tairi zilizoshonwa kwa mkono huwa hazinyooki asilimia mia na usipoteze gundi yako kuzitafutia unyoofu wa kiwandani. Ukiridhika jaza upepo wa kutosha, simamisha gurudumu wima sakafuni, ulisukume ukiwa umeliegemea kwa uzito wako, ulipindishe kidogo kulia na kushoto ili kingo nazo zikandamizwe, kisha liache siku nzima kabla ya kulipanda, na ile safari ya kwanza isiwe mashindano.

Pale kwenye valvu paangalie mara mbili. Utepe wa tairi mara nyingi ni mnene kuzunguka shina la valvu, kwahiyo tairi inainuka kidogo pale na kingo zinakosa kugusa, ni sehemu ya kwanza ya kuachia kwenye magurudumu mengi. Rimu za kaboni ndefu pia zinataka valvu ya kurefushwa, itoe kiini cha valvu, funga kirefusho kwa tepu nyeupe ya mafundi bomba ili isivuje, fanya yote hayo kabla hujabandika manake baada ya hapo unaanza upya kila kitu.

Na tepu ya gundi pande mbili, ile ya kubandika badala ya gundi? Inafanya kazi, ni haraka, haina mvuke, na kama ni ile iliyotengenezwa kwa upana unaolingana na rimu yako inafika mpaka ukingoni. Ubaya wake ni kwamba tairi ikishagusa imegusa, hakuna kusogeza sana, na ikibidi uibandue rimu inaweza kubaki na uchafu mgumu kuliko wa gundi. Pia chochote kilicho kinene na laini chini ya tairi kinakula nguvu, tairi inatembea juu yake kila mzunguko, ndo sababu waendeshaji wa uwanjani walikuwa wanapenda gundi ngumu kama sheleki (utomvu unaokauka ukawa mgumu kama vanishi) na upepo wa bar 10 na zaidi. Watu wa saiklokrosi, yaani mbio za baiskeli za matopeni, wako upande mwingine kabisa, wanaendesha tairi zisizozidi milimita 33 kwa sheria ya UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, upepo chini ya bar 2 mara nyingi, kwahiyo ule mbano wa tairi tulioongelea mwanzo unakuwa mdogo sana, afu kuna maji na matope yanayoingia kwenye pamba ya utepe na kuilegeza. Hao wanahitaji gundi na tepu kwa pamoja, mapako mengi, na wengine wanaziba ukingo wote kuzuia maji. Ushauri wao ukiufuata kwenye barabara kavu unajichosha tu, lakini wa barabarani ukiufuata matopeni utaacha tairi kwenye kona ya tatu.

Kuna wanaouliza kwanini mtu ahangaike hivi wakati tubulesi zipo, yaani tairi za kujibana kwenye kingo za rimu zisizo na tyubu, na hata Sonny Colbrelli alishinda mbio za Paris–Roubaix za 2021 akiwa na tubulesi. Swali ni la haki, na kwa mtu anayenunua magurudumu mapya leo sina hoja kubwa ya kumpinga. Ila kuna magurudumu mengi mazuri ya tubula ya kaboni yanayouzwa mitumba kwa sababu tu wenyewe wamechoka na gundi, na tubula iliyobandikwa vizuri ikipata pancha inabaki kwenye rimu, unaweza kuendelea nayo taratibu mpaka upate msaada, sio kwamba ni starehe lakini haikumwagi.

Kuikagua ni kila baada ya muda na lazima kabla ya mashindano. Toa upepo wote, kwa sababu ikiwa na upepo ule mbano utakuficha kila kitu, afu sukuma tairi pembeni kwa vidole gumba kuzunguka gurudumu zima, pande zote mbili, kwa nguvu kabisa. Ukingo wa utepe ukinyanyuka mahali popote ukaona rimu, hapo panahitaji gundi, na kama ni kipande kidogo unaweza kuingiza gundi kwa brashi na kukandamiza, kama ni vipande vingi ibandue yote.

Kubandua unaanza upande wa mbali na valvu, unasukuma kwa vidole mpaka pafunguke, ukishindwa ingiza liva ya plastiki taratibu katikati ya utepe na rimu. Usitumie hita ya upepo moto kulainisha gundi, resini ya kaboni nayo ina kiwango chake cha joto na hutajua umekivuka mpaka rimu ianze kuvimba au kupoteza umbo. Gundi iliyobaki kama ni laini, nyembamba na imelala sawa, iache, ndo msingi wa tairi inayofuata, ilimradi uendelee na gundi ya aina ileile. Kama ina mabonge, imekuwa ngumu inapukutika kama ganda, au huijui ni ya nani kwa sababu ulinunua magurudumu yameshatumika, ondoa yote, kwa kidole, kwa kipande cha plastiki, kwa kitambaa chenye dawa kidogo kidogo, na ujue hiyo ni kazi ya jioni nzima kwa rimu moja.

Na ile tairi ya akiba unayobeba chini ya kiti iwe ambayo imeshawahi kubandikwa, yenye gundi kavu kwenye utepe, sio mpya ya kwenye boksi. Ukiibadilisha njiani ile gundi kavu itashikana na ya rimu kiasi, upepo utafanya mengine, na kwa safari iliyobaki kona zote unapita polepole na breki unashika mapema mpaka ufike uibandike upya.